Besi ya metal: nyuzi nne za kawaida au tano za betri?

Ubishi uliopo saivi kwa wadau wachache wa roki hapa Dodoma (tukikusanyika wote hatujazi Noah) ni huu: dogo mmoja anataka gitaa lake la kwanza la besi la kupigia hard rock na metal, hela anayo ya gitaa moja tu, na wakubwa zake wamegawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanamwambia chukua nyuzi tano yenye betri ya kuendesha saketi ya sauti ndani ya gitaa, ile wanaita aktivu, metal ya leo ipo chini sana nyuzi nne haifiki. Wa pili wanasema chukua Precision, ile besi ya kampuni ya Fender, au kopi yake, nyuzi nne, haina betri, mengine yote mbwembwe. Mimi nipo upande wa hawa wa pili, ila sio kwa hoja zao, maana wao ni ushamba wa "zamani ndo kulikuwa na mziki" basi.

Tuanze na kambi ya nyuzi tano maana wana hoja nzito kweli. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote kwenye besi ya kawaida, unatetema kama mara 41 kwa sekunde, B ya kwenye nyuzi tano ni kama 31. Sasa mpiga gitaa akishusha tyuni mpaka Drop C, yani uzi wake mnene unalegezwa toka E mpaka C, unakuwa kwenye 65 hivi, na wewe wa besi ili ukae oktavu moja chini yake (nusu ya mtetemo wake) unatakiwa 33, ambayo E yako hata usipoiminya popote haifiki. Ndo maana watu kama Fieldy, mpiga besi wa bendi ya Korn, wamejenga jina na nyuzi tano. Afu kuna hili la kanisani, watu wanalipita haraka ila kwa hapa mjini ndo lenyewe: spika kubwa zipo kanisani, mazoezi ya uhakika yapo kanisani, na praise ikifika kwenye sebene nyuzi tano inakupa raha. Dogo akinunua tano Jumapili anapiga kwaya, siku nyingine anapiga metal na gitaa lilelile. Hapo siwezi kubisha.

Shida ni kwamba tano ya bei ya chini na tano nzuri ni vitu viwili tofauti kabisa. Besi nyingi urefu wa uzi unaopigwa ni inchi 34, yani sentimita 86 na kidogo, na kwa gitaa la bei rahisi hiyo B inalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiipiga kwa nguvu, na metal ni nguvu, noti inaanza juu inashuka, huku gitaa lishamaliza rifu yake. Zenye inchi 35 zinakaza vizuri zaidi ila bei nayo inapanda. Dukani fanya hivi: piga B wazi, afu minya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo) upige tena, noti inatakiwa iwe ileile oktavu moja juu, ukisikia inaenda pembeni na muuzaji anakwambia "hiyo ni kutyuni tu kaka", mwambie atyuni hapohapo mbele yako. Wakati mwingine kweli ni kurekebisha daraja tu, pale nyuzi zinapokalia mwilini, ila asubiri kulipwa baada ya kurekebisha.

Na kingine, hiyo 31 utaisikilizia wapi? Spika ndogo ya inchi 10 ya mazoezini haiwezi kuitoa sawasawa, unachosikia ni zile sauti za juu yake, 62, 93 na kuendelea, na sikio linajazia lenyewe. Besi kwenye metal inasikika kwa sauti za kati, pale inapokwaruza kati ya gitaa na kick ya drum. Steve Harris, mpiga besi wa Iron Maiden, miaka yote hii yupo na Precision ya nyuzi nne, na Lemmy wa Motörhead alikuwa anapitisha besi yake ya Rickenbacker kwenye ampu za Marshall akizungusha sauti za kati mpaka besi inakuwa kama gitaa la pili. Black Sabbath walishusha tyuni mpaka C# toka 1971, kwa vile mpiga gitaa wao Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani na nyuzi zilizolegea zilimpa unafuu, na mpiga besi Geezer Butler akashuka naye kwa nyuzi nne zilezile.

Ukitaka B kwenye nyuzi nne inawezekana: nunua seti ya nyuzi tano, ule mwembamba wa G weka pembeni, funga B, E, A, D. Ila mpe fundi anayejua kwanza, maana ule mfereji wa juu karibu na vichwa ulichongwa kwa uzi wa unene wa 105 (elfu za inchi), wa 130 hauingii mpaka upigwe tupa kidogo, na chuma cha ndani ya shingo kirekebishwe.

Mimi ningeangalia pikapu, zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti, kabla ya idadi ya nyuzi. Pikapu ya Precision toka 1957 imegawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo wa umeme, humbaka (pikapu ya koili mbili) nayo hivohivo. Za Jazz, besi nyingine ya Fender, ukitumia moja peke yake inavuma, na kwenye nyumba ambayo earth haijafungwa vizuri ukiweka distosheni ule mvumo unageuka kuwa mwanamuziki wa tano. Betri nayo sio dhambi, 9V zinapatikana, ila ukiacha jeki imechomekwa inaendelea kuliwa hata kama hupigi, na ikiisha gitaa linaweza kuwa bubu.

Afu ukame wetu. Kuanzia Juni mpaka Novemba mbao zinakauka, ncha za freti zinachomoza zinakwaruza kiganja, shingo inanyooka nyuzi zinaanza kupiga kelele kwenye freti. Nyuzi tano ina shingo pana na mvuto mkubwa zaidi, fundi wake lazima awe makini.

Kwa hiyo dogo amuulize kwanza mpiga gitaa wake anatyuni wapi. Kama ni E, D au hata C#, achukue nne yenye pikapu ya Precision, hela inayobaki anunue nyuzi nene za akiba, maana ukizikosa hapa unasubiri mzigo wa Kariakoo. Kama nyimbo zote zipo B kushuka chini, au kwaya ndo inamlisha, basi tano, ila asinunue kabla hajaisikia ile B kwenye spika kwa masikio yake.