Kabla ya kuulizia kidonge, ulizia kinyama

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Moshi na Arusha, mtu akitaja uvimbe wa ubongo, swali linalofuata ni hilohilo: vorasidenib inapatikana wapi? Ni swali halali, ila limeanzia mwisho. Kidonge hicho kinazuia kimeng'enya cha IDH kilichoharibika kwa namna maalumu. Mwenye kimeng'enya kizima atakimeza bure, na dalili zake wala picha ya kichwa havitoshi kusema yeye ni yupi kati ya hao wawili. Jibu limo kwenye kipande cha nyama alichotoa daktari wa upasuaji, ikiwa kimetunzwa.

Katika seli nzima, IDH1, aina mojawapo ya IDH, hugeuza isositreti kuwa alfa-ketoglutareti. Asidi amino ya nafasi ya 132 ikibadilika, kwa kawaida arjinini kuwa histidini, kimeng'enya hakifi. Kinapata kazi mpya. Kinaanza kutengeneza 2-hidroksiglutareti, kwa kifupi 2-HG, ambayo hujaa ndani ya seli mpaka ikavuja nje. Ndani, inavibana vimeng'enya vinavyofuta alama za methili kwenye DNA, kwa hiyo seli inabaki changa na kuendelea kugawanyika. Nje, kwa kuwa umbo lake linakaribiana sana na glutameti, ambayo neva huitumia kuchocheana, neva za jirani zinaitikia wito ambao hakuna neva iliyoutoa. Hapo ndipo penye sababu mojawapo ya wengi wenye uvimbe huu kuanza na kifafa.

Kidonge kikikizuia kimeng'enya hicho kilichoharibika, 2-HG hushuka. Kwa wagonjwa waliomeza vorasidenib kabla ya upasuaji ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Jaribio la INDIGO lilikuwa na wagonjwa 331 wenye glioma (uvimbe wa seli zinazozisaidia neva za ubongo) ya daraja la 2, inayokua polepole, ambao walikuwa wamefanyiwa upasuaji tu. Muda wa kati kabla uvimbe haujaendelea ulikuwa miezi 27.7 kwa wenye dawa na 11.1 kwa wenye kidonge kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Agosti 2024. Ni hatua kubwa, lakini inachelewesha, haing'oi. Glioblastoma, glioma iliyo kali zaidi, haihusiki kabisa: kwa mpangilio wa WHO wa 2021, uvimbe wa mtu mzima wenye hitilafu ya IDH hauitwi tena glioblastoma.

Mazungumzo ya uvimbe na neva yana njia nyingine pia. Kimeng'enya ADAM10 hukata protini ya neuroligini-3 kutoka kwenye neva zinazofanya kazi, na kipande kinachochomoka huwa mbolea ya glioma. Kwa panya, kuzuia ADAM10 kulipunguza kasi ya uvimbe. Huwezi kuliona jambo hilo kwenye sahani ya maabara yenye seli za uvimbe peke yake, maana hakuna neva za kuzungumza nazo. Kwa hiyo ujumbe unaosambazwa kwamba majani fulani "yameua seli za saratani ya ubongo" usikudanganye. Hata chumvi ikizidi inaua seli kwenye sahani.

Turudi kwenye kinyama, maana hapa ndipo tunapopoteza wagonjwa wengi bila sababu. Formalini, dawa ya kutunza nyama isioze, iwe ya asilimia 10, tena yenye bafa: mililita 100 za formalini kali, mililita 900 za maji, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti. Bila bafa inageuka asidi, DNA inakatikakatika, na kipimo cha jeni kinakwama. Ujazo uwe mara kumi ya nyama. Chupa iwe ya mdomo mpana, maana nyama iliyosukumwa kwenye shingo nyembamba inaingia laini na kutoka ngumu, au haitoki. Formalini hupenya takriban milimita moja kwa saa na kuzidi kusuasua ndani, hivyo kipande kinene kikatwe milimita 3 hadi 5. La sivyo kinaiva nje na kuoza katikati. Kikae kati ya saa 6 na 72.

Kosa baya kuliko yote ni kukitia kwenye maji ya chumvi "kwa muda tu" huku gari la kukipeleka maabara ya Moshi linasubiriwa. Kutoka Arusha ni kama kilomita 80, lakini kinachoozesha kinyama ni zile saa za kusubiri kabla ya safari.

Maabara ikikipata salama, kingamwili ya IDH1 R132H (ile hitilafu ya arjinini kuwa histidini kwenye nafasi ya 132) hupaka rangi ya kahawia seli zenye hitilafu hiyo, ambayo ni kama asilimia 90 ya hitilafu zote za IDH kwenye glioma. Isiposhika rangi kwa mgonjwa wa chini ya miaka 55, bado jeni zisomwe kabla ya kusema hana.

Fomu ya maombi iandikwe saa nyama ilipotoka kichwani na saa ilipoingia formalini. Jina la mgonjwa libandikwe ubavuni mwa chupa, lisiwe kwenye kifuniko: vifuniko vinne vikishafunguliwa mezani pamoja, hakuna anayejua kipi ni cha nani.