Ukimya wa daktari nao una msimbo

"Mgonjwa ameanguka. Mkono umevunjika. Eksirei imefanyika. Plasta, arudi baada ya wiki 6."

Hayo ndiyo maelezo yote niliyoyakuta kwenye faili moja wiki hii, chini yake sahihi iliyofanana na uzi uliojifunga fundo. Kazi yangu ni kuyageuza maneno ya namna hiyo kuwa misimbo, zile herufi na tarakimu ambazo bima hulipia na wapanga takwimu huhesabia. Niliyasoma mara mbili, nikaenda kuchemsha chai.

Kikwazo cha kwanza kimo kwenye lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili, mkono unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Nyumbani hilo halina taabu: mtoto akilia kwamba amevunjika mkono, unatazama palipovimba. ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, haitazami palipovimba. Bega na sehemu ya juu ya mkono ni S42. Kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, ni S52. Kifundo na kiganja ni S62. Ukiandika "mkono" peke yake, orodha ya Shirika la Afya Duniani ina pipa lake la kukutupia: T10, mkono uliovunjika mahali pasipotajwa. Neno kigasha limo kwenye kamusi, fupi na tamu kulitamka, lakini mimi sijawahi kulikuta ndani ya faili la mgonjwa.

Na kigasha chenyewe kina mifupa miwili, radiasi upande wa kidole gumba na alna upande wa kidole cha mwisho. Shina la alna likivunjika ni S52.2. Radiasi ikivunjika chini, karibu na kifundo, ni S52.5. Huo wa chini ndio unaojaza mafaili: mtu anateleza, anajikinga kwa kiganja, mfupa unakatika. Mgonjwa anaonyesha kifundo, muuguzi anaandika kifundo, na mwenzangu aliye mgeni kazini anakimbilia S62, ambako kuna vijifupa vya kifundo na vya kiganja, si radiasi. Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla Röntgen hajagundua eksirei. Alikuwa na macho, vidole na kalamu, na bado tunaujua mvunjiko huo kwa jina lake. Sisi tuna picha ya mfupa wenyewe, halafu tunaandika "eksirei imefanyika".

Lakini hilo la mahali ni dogo. Linaloniudhi hasa ni hili: watu wengi hudhani kwamba jambo lisipoandikwa linabaki wazi, likingoja kujazwa. Halibaki. Kanuni inasema mvunjiko ambao haukuandikwa kama ni wa wazi au wa ndani uhesabiwe kuwa wa ndani, yaani ngozi haikupasuka. Toleo la Marekani la orodha hiyo, linalotumika huko tangu Oktoba 2015, linaongeza nyingine: kama hukusema vipande vya mfupa vimehama au vimetulia, vihesabiwe vimehama. Sasa fikiria mtu mwenye ufa mwembamba usiosogea hata kidogo, na daktari hakuligusa jambo hilo. Kwenye rekodi, mifupa yake imehama. Fikiria na mwingine aliyefika na kidonda kidogo juu ya mfupa, kikasafishwa, kikashonwa, kikasahauliwa kwenye maelezo. Kwenye rekodi, ngozi yake haikuguswa. Hakuna aliyedanganya, lakini rekodi zote mbili si za kweli.

Kidonda hicho si jambo la urembo. Mfupa uliokutana na hewa ya nje uko kwenye hatari ya kuambukizwa, ndiyo maana mivunjiko ya wazi ina madaraja yake, yaliyopewa majina ya madaktari Gustilo na Anderson. Daraja la kwanza ni kidonda kisichozidi sentimita 1. La tatu ni nyama zilizoharibika vibaya, na mwisho wake kabisa ni mshipa wa damu unaohitaji kurekebishwa. Kwenye toleo la Marekani daraja hubadilisha herufi ya mwisho ya msimbo. Na hapa kuna mtego ambao nimewahi kuuingia mwenyewe: ripoti ya upasuaji ikisema mfupa umerudishwa kwa njia ya wazi, haina maana kwamba mvunjiko ulikuwa wa wazi. Ni daktari aliyeifungua ngozi, si ajali. Nililipeleka faili zima likiwa na kosa hilo, na lilirudi na alama nyekundu niliyostahili.

Kuna wenzangu wanaowalaumu madaktari tu. Mimi sikubaliani nao sana. Daktari ana foleni mlangoni, na kompyuta aliyopewa imeweka "isiyotajwa" juu kabisa ya orodha, ambako kidole kinaangukia chenyewe. Aliyeipanga orodha hiyo naye ana lake la kujibu. Ila sitawatetea kwa kila kitu. Upande wa kulia au wa kushoto ni neno moja!

Linalonikaa rohoni zaidi ni faili la bibi mmoja mwenye umri mkubwa. Alijikwaa akiwa anatembea tu ndani, hakudondoka kutoka juu ya kitu, na radiasi ikavunjika. Kurasa za nyuma, kwenye ziara ya zamani, daktari mwingine alikuwa ameandika kwamba mifupa yake imedhoofika, ile hali iitwayo osteoporosisi. Aliyemfunga plasta hakuitaja. Kama mfupa ulikatika kwa sababu hiyo, kwa anguko ambalo mfupa mzima ungelistahimili, basi si S52 tena bali ni M80, na bibi hahitaji plasta tu, anahitaji kutibiwa mifupa kabla nyonga haijafuata. Nikiandika S52, anaonekana mtu aliyepata ajali, na ajali ikipona faili linafungwa.

Siruhusiwi kuamua mwenyewe, wala kumwekea daktari jibu mdomoni. Siwezi kuandika "Je, si osteoporosisi hii?" Nikamwandikia hivi: "Ziara ya awali inataja hali ya mifupa. Tafadhali eleza, kwa maoni yako ya kitabibu, chanzo cha mvunjiko huu, mfupa uliohusika, upande, na hali ya ngozi."

Jibu lilikuja siku ya tatu: "Radiasi, chini, kushoto. Ngozi nzima. Chanzo: ajali."

Nikaweka S52.5. Karatasi yangu nimeiacha ndani ya faili, mbele kabisa, pamoja na ule ukurasa wa zamani.