Muuza misumari kapewa ukurasa mzima, mzee wetu aya moja

Juzi brek ya usiku pale godauni mtu kaacha gazeti la hapa Barnsley, Uingereza, juu ya meza, nikawa nalipekua huku natafuna wali wangu wa baridi, nikakuta ukurasa mzima, picha na nini, wa mzee mmoja marehemu aliyekuwa anauza misumari na rangi. Sio mbunge, sio mchezaji, muuza misumari. Wameeleza alivyoanza na mkokoteni, alivyogombana na mkwewe kwenye duka la kwanza mpaka wakagawana mashelfu, halafu ule mgomo wa wachimba makaa wa 1984 mpaka 1985, alivyokopesha familia ambazo hazikuwa na hela hata ya balbu, na wengine wakahama hawajamlipa mpaka leo. Nimesoma mpaka supavaiza kaja kuniita.

Hasira zikanipanda. Sio kwa huyo mzee, Mungu amrehemu. Kwa sisi.

Tulipomzika babu pale Makambako wote mliona, tulioko mbali tuliona kwenye wasapu. Turubai mpaka barabarani, Kosta zimepanga foleni, sare za kitenge, MC, kwaya tatu. Kazikwa kama waziri, na najivunia, hilo sitanii. Halafu ukasomwa wasifu: marehemu alizaliwa, alisoma, "alijishughulisha na biashara mbalimbali", alikuwa mcha Mungu na mpenda watu, ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Kwisha. Miaka hamsini ya mtu imemezwa na biashara mbalimbali!

Sasa linganisheni na daftari la rambirambi. Lile limeandikwa kwa mistari, kwa rula, nani katoa elfu tano, nani kaleta debe la mahindi, nani kaahidi hajaleta. Kumbe kuandika tunajua sana tu, tena kwa umakini, ikiwa hela inaingia.

Mimi nayajua machache kwa sababu nilikuwa namchajia simu babu akawa ananipigia stori. Wakati Wachina wanajenga reli ya TAZARA yeye alikuwa anawauzia vibarua viazi vya kuchemsha kwenye ndoo. Akapata duka, ikaja Operesheni Maduka ya 1976, serikali inafunga maduka ya watu binafsi, la kwake likafungwa, akahamia kwenye mashine ya kusaga na lori. Vita vya Kagera lori likachukuliwa na serikali, likarudi halina taa wala spea tairi, na anasema alishukuru maana kuna wenzie ya kwao hayakurudi kabisa. Halafu 1983, Waziri Mkuu Sokoine na msako wa wahujumu uchumi, wenye bidhaa za kuficha wanakamatwa, hapo ndio babu alikuwa ananyamaza, anaangalia pembeni, anaomba maji. Mpaka leo sijui kama alilala ndani au alificha mali au vyote. Yani mwaka ule muuza misumari wa Barnsley anajiandaa kuwa shujaa wa kukopesha, huku kwetu mtu mwenye katoni mbili za sabuni anatetemeka akisikia Landrova imesimama nje. Mpaka Rais Mwinyi alipoleta ruksa ya biashara ndio watu wakaanza kupumua. Hii ni historia ya nchi jamani, imepita kwenye duka moja la bati, na haikuingia kwenye wasifu hata nusu sentensi.

Najua kwa nini. Kwanza woga, wazee wetu wengi wamekufa bado wanajiona wahujumu. Pili mirathi. Kila mtu ukoo huu anajua hela ya lori la kwanza ilitoka kwenye ulanzi wa bibi, bibi aliuza ulanzi kwenye madebe miaka na miaka, lakini ukiisema hadharani mbele ya mchungaji ni aibu, na ukiiandika basi kwenye kikao cha mirathi bibi sio "mjane wa kutunzwa" tena, ni mwenye mtaji. Ndio maana watu wanapenda biashara mbalimbali. Haina jasho la mtu yeyote.

Lakini mkinyamaza mji haunyamazi. Nenda stendi pale uliza utajiri wa mzee ulitokaje, utaambiwa ndagu, utajiri wa kishirikina wa kutoa mtu kafara. Kuna mmoja ataapa kabisa yule mtoto wa tatu aliyefariki mdogo ndio alitolewa. Mtoto amekufa na surua! Msiposema viazi na ulanzi, watu watasema ndagu. Marehemu Reginald Mengi, yule tajiri wa IPP mzaliwa wa Machame, pamoja na ukubwa wake wote, alikubali kusema kwamba alianza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, akaandika na kitabu kikazinduliwa 2018, mwaka mmoja kabla hajafa. Na ndio maana leo hata mtoto wa Machame ukimuuliza anakuambia kalamu, hakuambii joka la kufugwa ndani la kuleta hela.

Haya najua mshaanza. "Mbeba boksi kakaa Ulaya kidogo anatudharau." Boksi nabeba kweli na mgongo unauma, ndio mnaonitumia namba ya michango saa nane usiku. "Hao wazungu wako si wanawatupa wazee wao nyumba za kulelea?" Wanawatupa, tena sana. Huyo muuza misumari amesubiri wiki tatu kuchomwa, na ibada za pale zinaenda kwa miadi ya nusu saa, mkichelewa wa nyuma yenu wako mlangoni. Mimi mwili wangu mnirudishe Makambako kwenye turubai na ubwabwa, hilo halina mjadala. Sijasema wanazika vizuri. Nimesema wanaandika.

Na baba mdogo, shikamoo, najua utasema mambo ya familia hayaanikwi. Ila yale madaftari ya dukani ya waliokopa yako wapi? Nasikia moja lilipelekwa kwa mama wa karanga likafungiwa karanga. Mule kuna nusu ya walimu na manesi wa wilaya, nani kakopa mche wa sabuni, nani kakopa sukari ya msiba. Hayo ndio yangekuwa wasifu.

Tandiboi wake wa kwanza bado yupo hai kule Ilembula, akili inafanya kazi, miguu ndio imegoma. Jumamosi mmoja wenu mwenye simu nzuri apande gari aende, amuulize kuhusu lori, Kagera, na hiyo 1983, amuache aongee hata masaa matatu, arekodi. Nauli na bando natuma mimi.