Rangi ya Mafuta, Sio ya Geti

Jamani, haya mateso nimeyatafuta mwenyewe. Nilitaka kuchora mtaa wetu wa Magomeni usiku: kibanda cha chipsi, taa moja ya njano, dimbwi la mvua linalong'aa katikati ya njia. Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi nikaomba rangi ya mafuta. Kijana akashusha kopo la lita nne, akauliza geti lina ukubwa gani.

Za tyubu nikazipata mjini, tyubu moja bei ya nyama. Saa mbili usiku nikajipanga mbele ya kibanda. Giza silipaki jeusi, maana nyeusi ya tyubu inakaa kama masizi ya sufuria. Nachanganya buluu iliyokoza na kahawia. Nikawafafanulia waliokuja kushangaa. Mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Kaishiwa nyeusi huyo."

Muuza chipsi akaliacha karai. "Mimi niko wapi hapo?" Nikamwonyesha doa la rangi ya chungwa.

"Huyu ndiye mimi? Uso uko wapi?"

Bwana, taa iko mgongoni kwako, uso nautoa wapi? Hataki kusikia. Chipsi mayai nimeagiza, kasema mpaka nimtie masharubu.

Umeme ukakatika. Nimekaa na brashi hewani, simu ina asilimia nne. Uliporudi, kumbikumbi nao wakarudi, wakazunguka taa mara mbili tatu kisha moja kwa moja kwenye kanvasi. Na rangi hii haina haraka: mafuta hayakauki kama maji, yanangoja hewa iyagandishe, siku hata wiki. Marehemu mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 na rangi za baiskeli, zinazokauka upesi. Nilikuwa nadhani ni shida tu ya pesa.

Asubuhi nikaitoa uani. Mama yangu! Chini ya ile taa ya njano, buluu yote ilikuwa inaonekana nyeusi, nami nikazidi kuishindilia. Kwenye jua, anga langu la usiku limekuwa buluu ya sare za shule. Ukuta niliojua ni mweupe, embe bivu kabisa.

Muuza chipsi akapita na ndoo ya viazi, akainama kwenye lile doa lake, kumbikumbi wawili wameganda papo hapo.

"Masharubu umeyapatia," akasema. "Ila saa sita mchana mimi huwa nimelala."