Simu Isiyokatika Kati ya Kibaha na Mlandizi

Wiki iliyopita nilimpigia mama basi likitoka Kibaha, tukaongea hadi Mlandizi bila simu kukatika. Njiani ilihama mnara hadi mnara, sisi hatukujua. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko wengi tunavyodhani, na linaniuma jinsi lilivyocheleweshwa.

Tunapokumbuka mwanzo wa simu za mkononi tunamtaja Martin Cooper wa Motorola, aliyesimama barabarani New York Aprili 3, 1973, na simu kama tofali, akampigia mshindani wake Joel Engel wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni za simu za Bell. Sifa anastahili. Lakini tunamshangilia mfungaji na kumsahau aliyetoa pasi.

Rudi St. Louis, Marekani, Juni 1946. Kampuni za Bell zimeanzisha simu ya gari. Mitambo yake, kama kilo 36, inakaa kwenye buti. Unabonyeza kitufe kuongea, unaachia kusikiliza, kama ile simu ya upepo ya vituo vya polisi na misheni, na opereta ndiye anayekuunganisha. Mnara mmoja wenye nguvu unafunika mji mzima, hivyo chaneli, yaani njia ya mawimbi ya redio, ikishikwa na mtu mmoja, wengine wote wanangoja. Mwanzoni waliweza kuongea wateja watatu tu kwa wakati mmoja. Watatu, mji mzima!

Desemba 1947 Douglas Ring wa Bell Labs, akishirikiana na Rae Young, akaandika waraka wa ndani wenye jibu: gawanya eneo katika seli ndogo ndogo, kila seli na mnara wake wa nguvu kidogo, kisha masafa ya redio ya seli hii yatumike tena kwenye seli iliyo mbali kidogo. Masafa yale yale machache yanahudumia maelfu. Kwangu mimi, simu ya mkononi ilizaliwa hapo.

Ni kweli kwamba kompyuta za kumhamisha mteja seli hadi seli hazikuwapo bado. Hata hivyo sikubali mafundi wabebeshwe lawama yote. FCC, tume inayogawa masafa Marekani, iliona heri televisheni ipate fungu nono, na mpaka miaka ya 1970 ndipo ilipoanza kulegeza mkono. Chicago ikapata huduma yake ya kibiashara Oktoba 1983, miaka 36 baada ya waraka wa Ring. Wakati huo Tokyo walishakuwa na simu za seli kwenye magari yao tangu Desemba 1979.