Sukari ya Alfajiri Si Ushahidi wa Sahani ya Jana

Kuna swali moja kwenye kliniki za kisukari ambalo ningependa lifutwe: "Jana usiku ulikula nini?" Si kwamba chakula cha usiku hakina neno. Kina neno, tena kubwa. Shida ni kwamba swali huja baada ya namba kusomwa, kwa sauti ya kumhoji mtu aliyekutwa na kuku wa jirani, na mara nyingi anayehojiwa hana kosa.

Mimi mwenyewe nina aina ya pili, kwa hiyo mabenchi hayo nayajua. Karibuni nilikaa na bibi mmoja, kadi yake kaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Alitoka kwake kabla ya adhana ili awahi foleni, hajatia kitu mdomoni tangu jioni. Alichomwa kidole inakaribia saa nne asubuhi. Mashine ikasoma 12.3, yaani milimoli kwa lita, juu mno kwa mtu mwenye njaa.

"Bibi, ugali umeupiga jana," nesi akamwambia, akicheka, bila ubaya.

"Mjukuu wangu, nililalia nusu kikombe cha uji. Na huo nao niliuogopa."

Kadi ikaandikwa azingatie mlo.

Mimi namsadiki bibi. Kuanzia kama saa tisa usiku mwili huanza kujiandaa kuamka. Homoni ya ukuaji, kotisoli, adrenalini na glukagoni hupanda, na kwa pamoja hulisukuma ini litoe sukari huku zikiipunguzia nguvu insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Ini lina akiba yake, kama gramu 100 hivi kwa mtu mzima aliyeshiba, na akiba ikipungua hutengeneza nyingine lenyewe. Kwa asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini kidogo na namba haisogei. Kwetu sisi kongosho limezidiwa na ini limekuwa sugu: insulini inaliambia basi, lenyewe linaendelea kumwaga. Sukari inapanda bila tonge kupita kooni, na inaweza kuendelea kupanda hadi saa mbili au saa tatu kama hujafungua kinywa. Hali hii madaktari wameiandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, si ngano. Sasa mchukue mtu mwenye ini la namna hiyo, mwamshe saa kumi usiku, msimamishe kwenye daladala, mkalishe njaa mpaka saa nne, halafu umpime. Ulitarajia nini?

Namba ya asubuhi ikiwa peke yake haisemi imetoka wapi. Ipe mwenzake: pima unapoingia kulala, upime tena unapoamka. Ukilala na 7 ukaamka na 10, hilo ni ini. Ukilala na 13 ukaamka na 13, hapo tuzungumze kuhusu wali na chapati za saa tatu usiku, na swali la nesi linapata haki yake. Najua vijiti vya kupimia vina bei, na wengi wetu tunavihesabu kama vocha. Ndiyo maana nasema afadhali jozi chache za usiku na asubuhi ndani ya wiki moja kuliko kuchoma kidole kila alfajiri na kupata namba isiyojieleza. (Mwenye mashine iliyotoka kwa ndugu Marekani asishtuke ikisoma 180; kule hupima kwa miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18, hiyo ni 10.)

Kwa watu wazima wengi, Chama cha Kisukari cha Marekani kinalenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula. Ni shabaha ya wengi, si ya wote; mzee mwenye maradhi mengine daktari wake anaweza kumlegezea, na ni sawa.

Kinachoniudhi zaidi ni tiba ambayo watu hujipa wenyewe baada ya kuhojiwa hivyo: wanaacha chakula cha usiku. Anayetumia glibenklamidi, kidonge kinacholisukuma kongosho kutoa insulini, au insulini yenyewe, akilala njaa anacheza na hatari, kwa sababu dawa hizo hazijui kama umekula. Sukari ikishuka chini ya 4 usingizini, dalili zake ni jasho linalolowesha shuka, ndoto mbaya, kuamka na kichwa kizito. Kuna mkemia aliyezaliwa Hungaria, Michael Somogyi, aliyekuwa akifanya kazi St. Louis, Marekani, ambaye miaka ya 1930 alidai kwamba sukari ikianguka usiku, mwili huirudisha kwa kishindo mpaka asubuhi iko juu. Tafiti za baadaye hazikumuunga mkono sana. Wengi walioshuka usiku huamka bado wako chini. Hata hivyo ushauri mmoja umebaki na maana: kama unatumia dawa hizo na asubuhi zako hazieleweki, amka siku moja saa tisa usiku upime. Ukikuta 3.5, usiongeze dozi. Kunywa kitu chenye sukari hapo hapo, na siku hiyo hiyo umwone daktari.

Basi ini linatulizwaje? Matembezi baada ya chakula cha usiku yanasaidia, hata ya kuzunguka mtaa tu, kwa kuwa misuli iliyofanya kazi huipokea insulini vizuri zaidi kwa saa kadhaa. Kula mapema kunasaidia, na kupunguza wanga wa usiku. Kupunguza uzito kunasaidia kuliko hayo yote, ila hilo halifanyiki wiki hii. Metformini, dawa ambayo wengi wetu tunaimeza, kazi yake kubwa ni hapo hapo kwenye ini, kwa hiyo inafaa kumuuliza daktari kama dozi yako, hasa ile inayoyeyuka polepole, inakaa vizuri pamoja na chakula cha usiku. Wenye insulini ya usiku nao waulize saa na kiasi. Nasema waulize. Jirani aliyepona kwa chupa ya majani ya mlonge asiwe daktari wako, hata kama anakukopesha chumvi.

Kisha ufungue kinywa. Watu wanaona 10 wanaahirisha kula mpaka ishuke, na ini linapata ruhusa ya kuendelea. Ukila, insulini ikaamka, ini hupunguza kasi. Lakini asubuhi ndiyo saa ambayo insulini ina nguvu kidogo, kwa hiyo chai ya maziwa yenye vijiko vitatu na maandazi mawili ni kuongeza petroli pale pale. Mayai, maharage yaliyobaki jana, kipande cha parachichi, chai kavu: nimeyazoea, ingawa harufu ya maandazi ya jirani bado inaniumiza.

Kwa kliniki nina ombi. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, na pale kinapopatikana kingefaa kutangulia hukumu yoyote, isipokuwa kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu, ambao huweza kukipotosha. Pale ambapo hakipatikani, kadi ingeongezwa safu moja ya namba ya kabla ya kulala, mgonjwa aje nayo kutoka nyumbani. Na asiyepimwa sukari ya njaa siku hiyo aambiwe mapema ale kabla ya kuja, badala ya kukalishwa na njaa hadi saa nne kisha kuulizwa habari za ugali.