Rudia, Picha Haijatoka

Ijumaa iliyopita, katika chumba kimoja cha Ngamiani, Tanga, bwana harusi aliweka kiganja juu ya paji la uso la binti wa dada yangu akaanza kusoma dua. Hakufika katikati. Mpiga picha alimgusa bega: "Samahani, toa mkono uweke tena, picha haijatoka." Akautoa. Akauweka tena. Chumba kizima tukasubiri taa ya kamera, kisha dua ikaanza upya.

Nina hasira tangu siku hiyo, na sitaki zipoe kabla sijaandika.

Wenye harusi za kwetu wanaujua uzito wa dakika ile. Nikahi imeshapita msikitini, pilau imeshaliwa, bwana harusi kaletwa kwa vigelegele, katoa kifungua mlango kwa mashangazi waliomzibia njia, sasa anaingia kumpa mkono mkewe. Dua yenyewe ni ya kumwomba Mwenyezi Mungu kheri ya mke huyu na kinga ya shari. Mtu yuko mbele ya Mola wake. Tunamkatizaje kwa sababu mwanga ni hafifu?

Nyuma ya ukuta wa simu alikuwa Bibi. Ndiye aliyemlea binti huyu tangu hajaanza chuo cha Kurani. Magoti hayamruhusu kusimama, kwa hiyo tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na kabati, na mbele yake ikawa migongo na mikono iliyoinuliwa. Nilimsikia akiuliza, "Keshamshika?" Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikumjibu, maana na mimi nilikuwa nimeinua simu.

Usiku, wageni walipotawanyika, akaniita. "Mwanangu, dua kaisomaje? Sauti ilimtetemeka?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa bwana harusi, na sikujua. Nikafungua video, nikamwekea simu sikioni. Kilichosikika ni sisi wenyewe: "Sogea! Sogea wifi, unaniziba!" Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu. "Haya," akasema, akainamisha uso.

Linda Henkel, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti mwaka 2014 kuhusu jambo hili hili. Aliwatembeza wanafunzi ndani ya jumba la makumbusho, vitu vingine wavitazame tu, vingine wavipige picha. Siku ya pili vile walivyovipiga picha ndivyo walivyovikumbuka kwa uchache zaidi. Nakiri kwamba waliosogeza kamera kwenye sehemu moja tu ya kitu hawakupoteza kumbukumbu kwa namna ile, kwa sababu iliwabidi waangalie kweli. Sawa. Lakini sisi mle chumbani hatukuwa tukiangalia chochote. Tulikuwa tukigombea nafasi.

Nakubali pia kwamba shangazi yetu yuko Muscat, nauli haikupatikana, na alilia kwa furaha kuiona harusi kwenye simu. Simu moja inamtosha. Zetu zilikuwa zaidi ya ishirini.

Alasiri ya siku ile nilimkuta Bibi uani akitunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya kuvaa. Asumini zilikuwa zimechumwa zikiwa bado zimefumba, kwa sababu hufumbuka usiku, na harufu yake ndiyo inayotakiwa usiku huo. Pembeni yake kulikuwa na majani ya mrehani na maua machache ya mkilua aliyoyafunika kwa kitambaa kibichi. Uzi mdomoni, sindano mkononi, anachukua ua moja, analigeuza, anatafuta pa kulichoma lisichanike, anashika la pili. Nikamsemesha, hakunisikia. Karibu saa nzima alikuwa pale, yote yake pale, macho, pumzi na vidole. Aliponiona alicheka, akanichomekea kimoja nyweleni.

Kikuba kikifika asubuhi kimeshanyauka, asumini zimekuwa rangi ya chai. Hakuna mwanamke wa pwani aliyewahi kulia kwamba hawezi kukiweka akiba. Unakivaa, unakinusa, na anayekukumbatia anakinusa. Mama zetu walijua kulipokea jambo la kupita kwa mikono miwili, wala hawakulidai likae. Najiuliza tulilipoteza wapi somo hilo, sisi tuliofundishwa tangu madrasa kwamba mwili ukisimama kwenye mswala na moyo usimame hapo hapo. Lini tulikubaliana kwamba khushuu, ule utulivu wa moyo ndani ya sala, inaishia ikishatolewa salamu? Mume anamwombea mkewe dua, mtoto anatamka neno lake la kwanza, mgonjwa anakushika mkono hospitalini asubuhi ya Jumapili: kwangu mimi hizo nazo zinataka moyo uliosimama mahali pamoja. Kuulizana tunaulizana kila siku, "Upo?" "Nipo." Nimeanza kuona haya kulijibu swali hilo huku macho yangu yakiwa kwenye kioo cha simu.

Nimeshazifuta zile video, nikabakiza picha mbili. Dua yenyewe nilimpigia simu bwana harusi mwenyewe nikamwomba amsomee Bibi. Alikuja Jumatatu na mkewe, wakakaa mkekani, akaisoma taratibu. Ilimtetemeka sauti.

Mdogo wake binti anaolewa baada ya Idi. Nimezungumza na dada yangu na somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, wamekubali: mlangoni patakaa kapu la ukili, simu zitaingia humo, mmoja tu atabaki na yake kwa ajili ya Muscat. Mpiga picha ataambiwa mapema kwamba mkono ukishawekwa, umewekwa. Wapo wataonuna, na nimejiandaa kununiwa. Kiti cha Bibi nitakiweka mwenyewe, mbele kabisa, ubavuni mwa kitanda, kabla bwana harusi hajabisha hodi.